Jumatatu za Bibi Verna

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo ni ya koleo likikwaruza saruji. Kwaru, kimya. Kwaru, kimya. Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza Amerika, nimejikunyata chini ya mablanketi matatu kwa dada Esta, mji wa Crystal, pembeni mwa Minneapolis, na kwa usingizi ule nilidhani kuna watu wanachimba kaburi. Nikasogeza pazia. Nje kulikuwa kweupe mpaka macho yakauma, na katikati ya weupe ule bibi mmoja mdogo, koti limemzidi, anasukuma theluji kutoka mlangoni kwake. Anasukuma hatua moja, anaegemea koleo, anahema. Nikangoja atokee mjukuu ampokee. Hakutokea mtu.

Mafundi wenzangu wa barazani, tangu nirudi mnaniuliza Amerika kukoje, nami nikijibu "kuzuri" mnasonya. Basi nimeandika, msome kwa zamu, cherehani zisisimame zote kwa pamoja. Mambo ya tiketi na makaratasi nimeyaacha, yalinichosha hata mimi. Nitasema zaidi habari za yule bibi. Aliogopa kitu kimoja tu duniani, kutolewa nyumbani kwake. Na mimi, kwa hizi adabu zangu mnazozijua, nilichangia kumtoa.

Morogoro mpaka Dar

Mnakumbuka nilivyoondoka, nimebeba unga wa ulezi, pilipili manga, tangawizi na khanga sita, kama ninakwenda kufungua genge. Dada Esta alikuwa amejifungua kwa upasuaji, na mama alisema mzazi hakai bila mtu wa kumkanda na kumpikia uji. Kwa kuwa mama magoti yanamsumbua, nikatumwa mimi.

Basi letu lilipasuka tairi kabla ya Chalinze. Tulikaa pembeni mwa barabara kwa muda wa karibu saa tatu, na mimi kila gari likipita nilikuwa naona ndege yangu inapaa bila mimi. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda Kariakoo kuchukua mzigo wa viatu alinimegea muhogo wa kuchoma, akaniuliza safari yangu.

"Nakwenda Amerika kumhudumia dada yangu, kajifungua."

"Amerika yote hiyo hakuna mtu wa kumkanda?"

"Wapo, mama, ila wako kazini."

"Wote?"

"Dada anasema wote."

Akatafuna kidogo, akatema nyuzi za muhogo. "Basi hiyo nchi haina watu. Ina wafanyakazi tu."

Nikacheka. Ndege niliiwahi, nikiwa bado na vumbi la Chalinze kwenye nyusi.

Amsterdam, kutwa nzima bila kwenda popote

Hapo nilitakiwa kungoja saa mbili, nikangoja kutwa. Ukungu ulishuka mpaka ndege zilizokuwa nje ya kioo zikapotea, na kila ubao ulipobadilika, safari yangu ilisogezwa mbele. Nilinunua mkate wenye kipande cha jibini baridi, nikaula polepole ili nisije nikahitaji mwingine.

Nikiwa nimekaa, mguu juu ya mguu, akapita mzee mwenye mvi kichwa kizima, anapiga deki. Akafika kwangu, akaashiria ninyanyue miguu. Jamani. Kijana mzima nimekaa, mzee wa umri wa babu anapitisha dekio chini ya miguu yangu. Moyo ulinikatalia. Nikasimama, nikashika mpini nimpokee.

Aliukaza mkono. Nikavuta kidogo, kwa upole, kama tunavyombembeleza mgeni anayekataa kupokewa mzigo. Naye akavuta. Watu wakaanza kuangalia. Akasema maneno mengi kwa sauti ya ukali, akinionyesha kitambulisho chake kifuani. Dada mmoja aliyekuwa jirani na mimi, msafiri, akanitafsiria kwa Kiingereza cha polepole: "Anasema hii kazi bado ni yake, na wewe si wa kumstaafisha."

Nikakaa, miguu juu, uso unawaka. Tangu hapo sikuwa na raha. Nilianza kuona nisichokuwa nakiona: anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu ana mvi, na anayemsukuma ana mvi. Nikajiuliza vijana wamekwenda wapi. Nikadhani labda ukungu umewazuia.

Kushuka kwenye baridi

Shemeji Ombati, mume wa dada, ndiye alinipokea. Ni Mkisii wa Kenya, mpole, mrefu, na siku ile alikuwa bado na sare ya kazini, ananukia sabuni ya hospitali.

"Karibu sana, shem. Vaa hii kwanza, story baadaye," akanivisha koti kabla hata sijaamkia.

Mlango ulipofunguka niliishiwa pumzi. Baridi ile haikugusi, inakushika.

"Shemeji, hii baridi gani?"

"Hii? Leo kuna joto. Wiki jana hata gari ilikataa ku-start."

Tulipoingia barabara kubwa akaniambia: "Niongeleshe, shem. Nimetoka ku-double, masaa kumi na sita. Ukiona nimenyamaza, nipige."

Hapo ndipo nilipojua hofu ni nini. Nilimsimulia Morogoro nzima. Nani kaolewa, nani kaachika, nani kafungua duka la vifungo, na yule mteja wetu aliyerudisha gauni mara nne kisha akaonekana na mimba ya miezi mitano. Shemeji akacheka, nikapata nafuu. Halafu nikaona ziwa jeupe, na juu yake magari yameegeshwa.

"Shemeji, yale magari yameingia ziwani."

"Wako juu ya barafu. Wanavua samaki."

Nikafumba macho, kisha nikakumbuka sitakiwi kuyafumba. Nikamuuliza kwa nini anajiua na kazi namna ile. Yeye na dada wote wanafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Anoka, mji wa kando ya mto, kaskazini.

"Si tamaa, shem. Jana watu watatu hawakuja kazini, na hakuna wengine wa kuitwa. Sasa mzee wa watu hawezi hata kugeuka kitandani, nimwachie nani?"

"Watoto wao je?"

"Watoto wenyewe ni wazee. Kwetu kuna mama ana miaka tisini na saba, na binti yake yuko chumba cha pili."

Nikampiga kidogo begani, ingawa alikuwa macho.

Crystal, sahani ya jirani

Dada alikuwa mwembamba, macho yamezama, lakini mtoto alikuwa mkubwa mwenye mashavu. Wiki ya kwanza nilikanda, nilipika uji, nilibeba mtoto mgongoni dada apate kulala. Yule bibi wa koleo nilimwona kila theluji ikianguka. Siku ya nane nilipika pilau, harufu ikajaa nyumba mpaka nje. Dada alikuwa amelala, mtoto naye amelala. Sikumuuliza mtu. Kwetu sahani ya jirani haiombewi ruhusa.

Nikagonga. Bibi akafungua, ameshika fimbo, akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye ndala nilizovalia soksi.

"Afadhali umefika," akasema.

Nikapiga goti kidogo kumwamkia. Akainama kuangalia sakafuni. "Umeangusha nini?"

Akapokea sahani, akainusa, akaketi kula kwa uma, anafumba macho kila tonge. Mimi nikaambiwa niketi. Lakini nilikuwa nimeshaona sinki. Vyombo vya siku tatu, labda nne, na sufuria iliyogandiwa na maziwa. Ninyi mnanijua. Nyumba ya mtu mzima, vyombo vichafu, binti nikae nimekunja mikono kama mgeni wa harusi? Nikaosha. Nikafagia. Nguo zake zilikuwa kwenye mashine chini ya nyumba, na zile ngazi za kushukia zilikuwa zimemshinda, nikazipandisha nikazikunja. Alikuwa anaongea muda wote. Kiingereza changu ni cha kidato cha pili, mnajua kilipoishia. Nililoelewa nilijibu "ndiyo, bibi", na nisiloelewa pia nilijibu "ndiyo, bibi", maana mtu mzima hapingwi.

Akahesabu kwa vidole: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa?

Nikafurahi. Nikajua nimealikwa. "Ndiyo, bibi."

Nilipoaga alitoa ufunguo kwenye kikopo, akaniwekea kiganjani, akanikunja vidole mwenyewe. Kitu cha mkono wa mtu mzima hupokelewa kwa mikono miwili. Nikaongeza wa pili.

Picha ukutani

Basi nikawa nakwenda, saa za katikati ya asubuhi, mtoto na mama yake wakiwa wamelala. Jina lake Verna, amepita miaka themanini na tano. Jina langu lilimshinda, akaniita Reyma. Siku moja alinipikia wali wa maziwa wenye mdalasini na sukari, nikamwambia kwetu pia upo, akakataa kuamini. Siku nyingine tulisukuma chapati za viazi, wao wanaziita lefsa, nyembamba kama kitambaa cha hariri. Aliniangalia ninavyosukuma, akaninyang'anya kile kigongo akanionyesha. Nikamwachia. Zilipoiva za kwangu zilikuwa duara, zake zimekaa kama ramani. Akala za kwangu.

Kwenye korido ya kwenda chumbani palikuwa na picha. Ya kwanza, mlangoni, wazazi wa baba yake na watoto kumi na mmoja, wote wamenuna. Ya pili baba yake na mama yake, watoto wanne. Ya tatu yeye na marehemu mumewe, katikati mtoto mmoja, Dale. Ya nne Dale na mkewe Carol na binti yao mmoja. Ya mwisho, karibu na swichi ya taa, huyo binti, mtu mzima sasa, amepakata paka wawili. Nilikuwa nazifuta vumbi kutoka huku kwenda kule, na kadiri nilivyokwenda kitambaa kilikuwa na watu wachache wa kufuta. Mwishoni nilikuwa nafuta paka.

Dale anaishi Arizona, mbali, kwa ndege. "Ameniambia asipopatikana mtu wa kunisaidia kabla ya mwisho wa Machi, anakuja kuniweka kwenye nyumba ya wazee," bibi alisema akiwa ananionyesha ile picha. "Mume wangu alijenga hii nyumba. Nitatoka humu nikiwa nimebebwa. Lakini sasa wewe upo."

Nikamwambia pole, nikamshika mkono. Lile la mwisho nililichukua kama mtu anavyomsifia mgeni wake.

Kalenda

Ijumaa moja mwanzoni mwa Machi bibi alikuwa bafuni, mimi nafuta jokofu. Mlangoni pake ilining'inia kalenda ya ndege wa porini. Nikaona neno limejirudia kwenye vyumba vya tarehe, herufi zinatetemeka: REYMA. REYMA. REYMA. Nikafunua Aprili. Nimo. Mei nimo. Juni nimo, mpaka ukurasa unakwisha. Na safari yangu ya kurudi ilikuwa katikati ya mwezi uleule wa Machi.

Nilivaa koti nusu, nikarudi kwa dada. Alikuwa ananyonyesha.

"Dada, yule bibi ameandika jina langu kwenye kalenda mpaka Juni."

"La nini?"

"Sijui. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa."

"Kwani ukienda kule huwa unafanya nini?"

"Naosha vyombo. Nafua. Namchana nywele."

"Rehema."

"Abee, dada."

"Amekupa na ufunguo?"

"Amenipa."

Dada akamtoa mtoto kwenye titi, akamweka begani, akampigapiga mgongo kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Mdogo wangu," akasema, "umeajiriwa."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Wageni kama mimi hatukuruhusiwa kufanya kazi kule, hata ya kuosha kijiko, na dada alianza kutazama dirishani kila gari lilipopita. Jioni alikwenda kwa bibi akiwa na mtoto, kama anayekwenda kumwonyesha, akamchimba maneno taratibu. Alirudi akaketi bila kuvua koti.

Bibi Verna alikuwa kwenye orodha ya ofisi moja ya wasaidizi, iliyoko Saint Louis Park, tangu majani ya miti yalipoanza kupukutika. Alikuwa anangoja msichana wa mara tatu kwa wiki. Ile siku ya pilau aliniona mlangoni akajua ndimi huyo msichana. Baadaye kidogo ofisi walimpigia kumwambia zamu yake imekaribia, avumilie. Akawajibu ameshapata mtu, mzuri sana, wampe nafasi mwingine. "Wapo wenye shida kuliko mimi," ndivyo alivyowaambia.

Usingizi sikupata. Kila nilipogeuka nilikuwa nakutana na vile vyumba vya kalenda.

Saint Louis Park, kuomba nafasi

Dada alishauri tusimtishe bibi kwanza, twende tukamrudishie nafasi yake, ndipo tumweleze. Jumatatu shemeji akanipeleka kabla ya kuingia kazini. Tulipotea mara mbili kati ya majengo ya ofisi yanayofanana kama vifungo vya shati moja, na mimi moyoni naona kila dakika kuna mzee mwingine anaandikishwa mbele yetu.

Mama aliyetupokea alikuwa na miwani ya mnyororo na fimbo yake mwenyewe imeegemea meza. Shemeji akaeleza. Yule mama akafungua faili, kidole kikashuka, kikasimama.

"Nafasi yake niliitoa siku ileile. Kuna babu alikuwa amekaa wiki mbili bila kuoga."

"Hawezi kurudi alipokuwa?" nikauliza. Kiingereza kilinitoka bila kupiga hodi.

"Atarudi mwisho wa orodha." Akageuza faili tuone. Kurasa za majina, nyingi. Kisha akatoa karatasi nyingine, ya wafanyakazi, haikufika nusu. "Majina ninayo. Watu sina. Mimi mwenyewe nilistaafu, nikaombwa nirudi." Akamgeukia shemeji. "Wewe una saa zozote zilizobaki?"

"Mama, hata za kulala sina."

Akanitazama mimi. Shemeji akawahi kusema ni mgeni, haruhusiwi. Yule mama akaitikia kwa kichwa, akafunga faili. Tulikuwa tumesimama kuondoka lakini miguu yangu ikagoma.

"Kama jina lake lisingefutwa," nikamuuliza, "mtu angekuja?"

Akavua miwani. "Siwezi kukuambia ndiyo," akasema. "Na siwezi kukuambia hapana."

Afadhali angenitukana. Hilo jibu nimelibeba mpaka Morogoro, na sijui niliweke wapi.

Jumapili tukajaribu kanisani, Saint Paul, kwenye ukumbi ambako Watanzania na Wakenya wanasali pamoja. Tangazo likatolewa. Baada ya ibada, kwenye chai na sambusa, watu walinizunguka, kila mmoja anatoa kijitabu cha ratiba au anakunja vidole. Walitaka kusaidia, niliwaona. Lakini wote walikuwa tayari wanawageuza wazee wa watu usiku na mchana. Mama mmoja kutoka Moshi alipata Jumamosi moja katika mbili. Akaniomba msamaha yeye, mimi niliyeharibu.

Viazi

Ikabaki kusema. Dada alinifundisha sentensi tatu, nikazikariri mbele ya kioo. Bibi alikuwa anamenya viazi.

"Bibi, mimi si wa ofisi. Mimi ni mgeni. Jumapili ijayo naondoka."

Akaendelea kumenya. Alimenya mpaka maganda yakaisha, akaendelea kumenya kiazi chenyewe, kikawa kama yai.

"Kwa nini ulikuwa unaosha vyombo?" akauliza.

Nilikosa Kiingereza cha kumjibu. Nikamwambia, kwa sababu vilikuwa vichafu.

Akacheka kicheko cha puani. Kisha akaniomba simu. "Nitampigia Dale mwenyewe. Si vizuri asikie kwa mtu mwingine."

Akapiga. Sikukaa kusikiliza. Nilikwenda kwenye korido, nikasimama karibu na wale paka.

Barabara ya Anoka

Dale alifika Alhamisi. Kichwani nilikuwa nimemtengeneza mtu katili. Alishuka mzee mwenye nyonga mbovu, anapanda ngazi za mlango kwa mguu mmoja tu, akanishukuru kwa kumtunza mama yake. Ningependa angenifokea. Shemeji alikuwa amewaombea kitanda kwenye ile nyumba ya Anoka. Vitanda vipo, alisema, ni mikono tu inayokosekana.

Ijumaa bibi akataka nimsindikize. Tulikwenda na gari la kukodi la Dale, mimi kiti cha nyuma, nimepakata taa yake ya mezani. Ramani ya barabara Dale alikuwa nayo kichwani tangu ujana wake, alisema, na tukapotea. Tulisimama kituo cha mafuta kuuliza njia, akatununulia donati na kahawa. Hakuna aliyekula.

"Ungeweza kukaa na mimi pale," bibi alisema, gari likiwa bado limesimama.

"Mama, nina miaka sitini na saba. Carol hawezi kuvaa viatu mwenyewe. Nikikaa kwako, yeye atavalishwa na nani?"

"Najua."

"Na mimi mwenyewe nahitaji mtu."

"Najua, Dale. Nilitaka tu niisikie imesemwa."

Akawasha gari. Tulipofika kwenye mto, barafu ilikuwa inakatika vipande vikubwa na kwenda na maji. Bibi akageuza shingo mpaka mto ukapotea.

Chumba kilikuwa safi, chenye dirisha. Shemeji akaingia na sare yake. "Karibu kwetu, Mama Verna," akasema, akampokea koti. Nikaiweka taa, nikaichomeka, ikawaka. Nikapiga goti kuaga. Safari hii hakuuliza nimeangusha nini. Alinishika kiganja.

"Utakuja Jumatatu?"

Alikuwa anajua ninaondoka. Nilimwambia kwa sentensi tatu. Labda alisahau, labda hakukubali. Dale akatazama viatu vyake. Na mimi kinywa changu, kabla sijakishika, kikasema: "Ndiyo, bibi, Mungu akipenda."

Ninyi mngeelewa. Kwetu ukisikia hivyo unajua mtu huenda asije, na hakuna aliyedanganywa. Bibi akamwomba Dale kalamu na ile kalenda ya ndege.

Kurudi

Njiani kwenda uwanja wa ndege shemeji hakuhitaji kuongeleshwa.

"Shem, mbona ulimwambia vile?"

"Ningemwambiaje?"

"Hapana. Ni neno fupi tu."

"Kwa mtu mzima?"

Akaniletea mzigo mpaka mlangoni, akasimama pale na macho yake mekundu mpaka nikapita. Ndege zote zilikuja kwa wakati. Amsterdam kulikuwa na jua. Dar nilipata basi la asubuhi, na mchana nilikuwa kwa mama nakula ugali na mlenda, ananiuliza mbona nimekonda wakati nimetoka kwenye chakula.

Wiki ya tatu baada ya kurudi dada alipiga simu. Mtoto ameanza kucheka. Ile nyumba ya Crystal imewekewa kibao cha kuuzwa. Bibi hajambo, anakula. "Ila Jumatatu," dada akasema, "anaamka kabla ya wote, anachana nywele, anakaa karibu na mlango wa mbele mpaka saa ya chakula. Ombati anamwambia Rehema alisafiri. Anajibu, 'Alisema ndiyo.'"

"Mwambieni sirudi," nikasema.

"Tumemwambia. Haamini sisi."

Jumamosi ile mliponiona nimefunga cherehani mapema nikasema kichwa kinaniuma, hakikuwa kinauma. Nilikwenda posta. Nikanunua karatasi, bahasha na stempu, nikakaa kwenye benchi karibu na dirisha. Sikutaka mwalimu wa kunisahihishia. Niliandika kwa herufi kubwa, ili aweze kuzisoma bila miwani: Bibi Verna. Ni mimi Rehema. Niko nyumbani Morogoro. Siji Jumatatu. Siji na Jumatatu nyingine. Usikae mlangoni, kuna baridi.

Nikaisoma. Ilikuwa kavu, haina adabu hata chembe. Nikaweka kalamu pale chini pa kuongezea Mungu akipenda, nikaishikilia mpaka wino ukaanza kufanya doa. Kisha nikainyanyua. Nikakunja karatasi, nikalamba bahasha, nikaitumbukiza.